Kipande cha Mia Mbili na Moja

Tarehe 11 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama huko, goti la mama limetulia, na hamjagombana kuhusu redio zaidi ya mara mbili wiki hii. Mimi ni mzima. Nimehamia chumba cha ghorofa ya tatu. Jikoni pana dirisha, na jirani yangu anajifunza tarumbeta kila Jumamosi asubuhi bila kupiga hatua yoyote. Kwa masikio yako ungeishi naye raha mustarehe.

Simu huisikii na barua pepe unaziita kelele, kwa hiyo nimenunua karatasi na bahasha kama mtu wa zamani. Mhudumu wa posta alinitazama kama nimeingia na farasi.

Sasa jambo lenyewe. Ni Babu. Bado kiwanda kizima kinamwita hivyo. Wenzangu wawili walioajiriwa mwaka jana walidhani ni mtu, mpaka mmoja akamwekea kiti mkutanoni. Mkurugenzi ameniagiza nimwandikie maelezo kwa lugha ya watu wa kawaida, basi acha niyajaribu kwako kwanza, unisahihishe nikikosea.

Tunatengeneza mashine za kudondosha dawa kwenye mishipa ya wagonjwa. Programu inayoziendesha imeandikwa vipande vipande, mafaili zaidi ya mia mbili. Babu ndiye chombo kinachoyachukua mafaili yote hayo, kuyageuza kuwa lugha ya mashine, kuyaunganisha na kutoa kifurushi kimoja, na kifurushi hicho ndicho kinachopakiwa kwenye kila mashine kabla haijatoka mlangoni. Babu akigoma, hakuna kinachotoka. Wewe ulimwandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C miaka ishirini na miwili iliyopita, mistari elfu kumi na moja, na leo anayeweza kumsoma ni mimi peke yangu, tena kwa kubahatisha.

Shida ni kwamba anaishi kwenye kompyuta moja tu, ile ya kijivu uliyoiacha kwenye kona. Feni yake inanguruma, tumeikaza kwa kipande cha boksi. Mwezi uliopita iligoma siku mbili, watu arobaini wakakaa wanatazamana. Nimejaribu kumhamishia Babu kwenye kompyuta mpya, amekataa katakata.

Ninafikiria kumwandika upya kwa lugha ya skripti, ile unayoiandika na kuiendesha papo hapo, hata mgeni akiisoma anaelewa. Mistari mia sita ingetosha. Wakaguzi wana sharti moja: kifurushi cha chombo kipya kiwe sawasawa na cha Babu, baiti kwa baiti, maana hicho ndicho kilichopewa cheti. Kikitofautiana hata kidogo, cheti kinaanguka na tunaanza maombi upya.

Je, nithubutu? Na lingine dogo. Ile karatasi yako ya ukutani, HAKUNA KUONGEZA FAILI JIPYA, tunaitii mpaka leo. Kila kitu kipya tunakichomeka ndani ya faili la zamani, na sasa faili la saa lina mambo ya kioo, ya vitufe na ya lugha tisa. Nikiandika upya naweza kuifuta kanuni hiyo? Sababu yake ilikuwa nini?

Msalimie mama. Mwambie nakula vizuri.

Mpwa wako


Tarehe 2 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako imefika imekunjamana kama iliyokaliwa na mtu mnene. Mama yako alitaka nimsomee. Nimemsomea ya tarumbeta, ya kazi nimeyaruka kwa sababu angesinzia. Goti bado linamsumbua akishuka ngazi, akipanda halimuumi, jambo ambalo daktari ameshindwa kulieleza na yeye ameligeuza kuwa sifa. Kuhusu redio, anadai naifungulia mpaka vikombe vinacheza. Mimi nasema vikombe vyake ni vyepesi. Kwa majirani lakini ananisifu kupita kiasi: amewaambia wote kwamba kiwanda chenu hakitembei bila kazi ya kaka yake.

Maelezo yako kwa mkurugenzi ni mazuri. Ushauri wangu ni mmoja: acha.

Unaona mistari elfu kumi na moja ukadhani ni kitambi, kwamba ukimnyima Babu chakula atabaki na mia sita. Kila mstari usiouelewa ni siku moja iliyonitoa jasho. Kuna mahali anasimama sekunde mbili hafanyi lolote. Utacheka, utauondoa. Halafu siku moja utabadilisha faili na kuunganisha haraka, na saa ya diski ile haitaona tofauti kati ya faili la sasa na la sekunde iliyopita, na utapakia kitu cha jana kwenye mashine ya leo. Kuna mahali anapanga majina kwa mpangilio wa ajabu, U kabla ya A. Mpangilio huo una sababu yake. Nilikuwa naijua.

Na hizo lugha zenu za skripti! Kila baada ya miaka michache zinabadili tabia, na kilichofanya kazi juzi leo kinakutolea macho. C yangu ni ileile. Mtu anayeandika upya kitu kinachofanya kazi anaona uzuri wa kitu kipya kwa sababu hakijaguswa na mtu. Subiri kiguswe.

Nunueni feni mpya. Tafuteni kompyuta nyingine ya kijivu kwa wauza vyuma chakavu, mtaipata. Karatasi ya ukutani iacheni ukutani.

Umesema unakula vizuri. Mama yako anauliza unakula nini, na anataka orodha.

Mjomba wako


Tarehe 20 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Orodha ya mama iko kwenye karatasi nyingine, na nusu yake ni uongo. Tarumbeta imepata noti ya pili. Mimi nimepata mafua, nimepona.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nilicheka kwa kitambi, na zile sekunde mbili nimekwenda kuziangalia: ni kweli kabisa, ningeziondoa. Kwa hiyo nakuogopa zaidi kuliko nilivyokuogopa mwezi uliopita. Umeandika kurasa tatu za hoja, na swali langu la kanuni ya mafaili umelipa mstari mmoja wa kunifukuza. Nimelizoea hilo tangu utotoni. Ukiulizwa usichotaka kujibu, unaniambia nikachukue miwani yako.

Nami nikwambie upande wangu. Hoja zako zote zinamfaa mtu ambaye wewe umekaa meza ya jirani naye. Hupo. Nikiugua wiki mbili, hakuna anayejua Babu akikohoa apewe nini. Wenzangu wawili ni hodari, lakini C ile wanaitazama kwa heshima ya mbali, na nikiwafundisha wanatikisa vichwa ili nimalize. Niliwaonyesha jaribio dogo la skripti, ukurasa mmoja tu. Siku hiyohiyo wakanionyesha kosa langu. Unajua ni mara ya kwanza kazini mtu kunisahihisha? Nilikwenda chooni nikafurahi peke yangu.

Nakubali chombo kipya kitakuwa na makosa mapya. Nakubali kwamba lugha hiyo itabadilika na mtu atanilaani. Lakini kosa linaloonekana na watu watatu nalipenda kuliko usahihi ninaoutunza peke yangu kama ufunguo wa kabati.

Hata hivyo si mimi tena ninayeamua. Feni mpya imekataa kuingia, na kwa wauza vyuma chakavu nimezunguka siku nzima nikarudi na vumbi tu. Mkurugenzi ameamua: tuandike upya, tumalize mwisho wa Juni. Basi nisaidie. Unaujua ukoo mzima wa yule mzee. Nikae naye chonjo wapi?

Mpwa wako


Tarehe 19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako ameanza kutembea na fimbo, anaitumia zaidi kunionyeshea vitu kuliko kuegemea. Mvua imebomoa ukuta wa nyuma kidogo. Orodha yako ya chakula hakuiamini.

Nimechelewa, nisamehe.

Kama mmeamua, mmeamua. Nakili kila kitu, hata usichokielewa, hasa usichokielewa. Mpangilio wa majina uwe uleule. Na jedwali la mafaili, pale anapoyasoma majina yote kutoka kwenye orodha, usiliguse. Liandike kama lilivyo, na ukubwa wake uleule. Usiliboreshe. Sina kawaida ya kukuomba kitu, leo nakuomba.

Mjomba wako


Tarehe 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Salamu za leo ni fupi, unisamehe, na hii usimsomee mama hata mstari mmoja.

Chombo kipya kilikamilika Jumanne ya wiki iliyopita, mistari mia sita na arobaini. Babu anachukua dakika arobaini kutoa kifurushi, hiki kipya kilitoa kwa dakika tatu. Tulipiga makofi. Tukavilinganisha vifurushi viwili, na cha kwetu kikawa kirefu zaidi kwa baiti mia tisa na kumi na mbili.

Siku nne nilitafuta nilipokosea. Nilipitia mstari kwa mstari, nikawapa wenzangu nao wapitie, nikaomba radhi kwa mkurugenzi kabla hajauliza. Siku ya tano nikaacha kujitafuta mimi, nikamtafuta Babu.

Ulimpa jedwali lenye nafasi mia mbili. Orodha yetu ina mafaili mia mbili na moja. Akifika kwenye lile la mwisho anaona jedwali limejaa, analiacha nje, anafunga kifurushi na kusema kazi imekamilika. Hatoi onyo lolote. Kwenye skripti orodha inarefuka yenyewe, haina ukubwa wa kupewa, ndiyo maana kwetu faili hilo limeingia. Uliniomba nisilibadili jedwali. Nilidhani ni uzee tu unaozungumza.

Faili la mia mbili na moja umeliandika wewe, miaka kumi na minane iliyopita. Lina kazi moja. Umeme ukikatika na betri ikikaribia kwisha, linapiga king'ora. Lisipokuwepo, mashine inatumia utaratibu wa zamani: inawasha taa ndogo ya njano, kisha inazima. Dawa inasimama na hakuna anayeambiwa. Kwa kuwa utaratibu wa zamani upo, hakuna kilicholalamika wakati kipya kilipoachwa nje. Kila mashine tuliyotoa kwa miaka kumi na minane imetoka bila king'ora hicho, na kitabu cha maelekezo kinasema kipo. Nimekisoma. Ukurasa wa thelathini.

Ningesema ni kosa, na kosa humpata yeyote. Lakini nimebandua ile karatasi ya ukutani nikaigeuza, na nyuma uliandika tarehe. Ni mwaka mmoja na nusu baada ya faili la king'ora. Mtu asiyejua kwamba jedwali limejaa hana sababu ya kukataza mafaili mapya.

Mjomba, ulijua?

Sijamwambia mtu. Nangoja barua yako.

Mpwa wako


Tarehe 9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama amenipigia simu. Anasema unakula, unasoma gazeti, na jana umeificha fimbo yake kwa utani. Kwa hiyo huumwi.

Wenzangu wananiuliza ile tofauti inatoka wapi, nawaambia bado natafuta. Nimewaambia hivyo mwezi mzima, na wananiamini kabisa, jambo linaloniumiza zaidi. Tarehe thelathini namkabidhi mkurugenzi kazi. Niandikie hata mstari mmoja. Ukiniambia hukujua, nitakuamini pia.

Mpwa wako


Tarehe 24 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Fimbo nimemrudishia. Ukuta wa nyuma umejengwa tena, umepinda kidogo.

Nilijua.

Nimeanza barua hii mara sita. Sasa naiandika bila kuirudia, uisome ilivyo.

Miaka kumi na minane iliyopita muuguzi mmoja aliandikia kiwanda kwamba mashine yetu ilizima wakati umeme umekatika, bila kulia. Mgonjwa waliwahi kumwokoa. Barua ikaletwa kwangu. Nikaandika faili la king'ora kwa siku tatu, nikalijaribu pale mezani, likalia mpaka watu wakatoka vyumbani kuuliza kuna nini. Lakini sikulipitisha kwa Babu. Babu anachukua dakika arobaini, na mimi nilikuwa na haraka, nikayaunganisha mafaili kwa mkono. Mimi niliyemtengeneza! Niliwakataza watu wote kumruka Babu, nikamruka mwenyewe siku ile. Kisha nikaongeza jina la faili mwisho wa orodha, nikaenda nyumbani. Kesho yake nikamjibu muuguzi kwamba tumerekebisha, mashine zijazo zitalia. Niliiandika vizuri sana barua ile, nikamwonyesha hadi mkurugenzi wa wakati huo.

Mwaka mmoja na nusu baadaye aliniandikia tena. Barua yake imo ndani ya bahasha hii. Isome kabla hujaendelea.

Sasa umeisoma. Sikumjibu.

Nilimfungua Babu siku ileile, nikaona jedwali, nikajua. Dawa yake ilikuwa kubadili namba moja, mia mbili iwe mia tatu. Lakini nikibadili, kifurushi kinabadilika, na lazima nieleze kwa nini. Nikieleza, nitaulizwa ziko mashine ngapi nje, na huyu mgonjwa wa barua ya pili alikufa lini. Nikajiambia nitasema Jumatatu. Jumatatu nikabandika ile karatasi, ili faili lingine lisije likaangukia nje kama lile. Nikajiona nimefanya jambo. Wiki iliyofuata nikajiambia tena Jumatatu, na baada ya mwaka nikaacha kujiambia.

Yale niliyokuandikia Februari kuhusu kuandika upya ni ya kweli, ningemwambia yeyote. Lakini si hayo yaliyonifanya niyaandike. Niliogopa lugha ambayo kila mtu anaisoma.

Barua ya muuguzi ni yako, fanya nayo unavyoona. Ninaloomba ni moja, mama yako asijue nikiwa hai. Najua ni woga. Nina miaka sitini na sita na bado siwezi kufikiria uso wa dada yangu siku atakayosikia. Amewaambia majirani mambo mengi juu yangu.

Mjomba wako

(Ndani ya bahasha, karatasi ya mistari iliyokunjwa mara nne:)

Ndugu Mhandisi,

Salaam. Uliniandikia kwamba mashine mpya zitalia betri ikikaribia kwisha, nasi tulifurahi, nikaisoma barua yako mbele ya wenzangu. Mwezi huu tumepokea mbili mpya. Jana mchana umeme ulikatika. Niligeuka kumsaidia mgonjwa wa kitanda cha pili, nikawa nasikiliza king'ora, na kwa kuwa hakikulia sikuharakisha. Niliporudi kwa mgonjwa wangu, mashine yake ilikuwa imezima. Huyu hatukumwahi.

Labda tumeletewa za zamani kwa makosa. Naomba uniambie nitazitambuaje zinazolia na zisizolia, ili nijue nikae karibu na kitanda kipi. Nangoja jibu lako.

Muuguzi wa zamu, wodi ya wanawake


Tarehe 14 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Jirani wa tarumbeta amehama. Mama ananiambia ukuta umeanza kupinda zaidi na wewe unadai ni macho yake.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka nikuandikie jambo likiwa limekwisha.

Tarehe thelathini Juni niliingia kwa mkurugenzi. Alikuwepo na mkuu wa ubora. Nikawaeleza yote: jedwali, faili, king'ora, miaka. Jina lako sikulitaja, nikasema chombo kilikuwa na kasoro ya zamani. Kisha nikampa mkurugenzi barua ya muuguzi mkononi, karatasi yenyewe. Mimi ninayeweka nakala tatu za kila faili, sikuipiga hata picha. Aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akayafuta macho, na nikasema moyoni, huyu ameguswa, tumepona. Akanishukuru kwa uaminifu wangu, akaiweka kwenye droo.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, karatasi yenye mistari mitatu. Chombo kipya kimekubaliwa. Kifurushi kibaki kama kilivyo kwenye cheti, baiti kwa baiti. Suala la faili la mwisho litaangaliwa katika toleo lijalo. Nikauliza toleo lijalo ni lini, nikaambiwa halijapangwa. Nikauliza kuhusu mashine zilizoko nje, mkuu wa ubora akaniambia taratibu kwamba zimefanya kazi miaka kumi na minane. Nikaomba nirudishiwe barua ya muuguzi. Mkurugenzi akaniuliza, barua ipi?

Siku iliyofuata nilikwenda ofisi ya wakaguzi. Nilifika hadi kaunta. Sikuwa na karatasi, nilikuwa na maneno tu, na mkataba wangu wenye kifungu cha siri. Karani akaniuliza nimekuja kumwona nani. Nikamwambia nimekosea jengo. Sitakupamba maneno, Mjomba, niliogopa. Sasa sioni tena ni wapi nitapata ujasiri ambao siku ile sikuwa nao.

Kwa hiyo nimeandika. Babu aliliacha faili lile kwa bahati mbaya, katikati ya mistari elfu kumi na moja isiyosomwa na mtu. Mimi nimeandika mstari mmoja unaosema kwamba ukifika kwenye faili la king'ora cha betri, liruke. Ndivyo unavyosomeka, neno kwa neno, hata mama angeuelewa. Mwenzangu mmoja aliuona Jumatano.

"Dada, huu wa nini?"

Nikamwambia ni sharti la cheti.

"Aa, sawa," akasema, akaendelea na kazi yake.

Vifurushi vikalingana, hakuna hata baiti moja iliyozidi. Wakapiga makofi tena, na nami nikapiga. Babu tulimzima jana. Leo mashine kumi na mbili zimefungwa kwenye maboksi, zimepakiwa kifurushi kilichotoka mikononi mwangu, na sijui zinakwenda wodi zipi.

Mama hajui. Alinipigia asubuhi kunipongeza, akasema nimefuata nyayo za mjomba wangu. Nikamwambia ndiyo, nikamwuliza habari ya goti.

Nakuomba unijibu jambo moja, na hili usilikwepe. Ulifanya kazi pale miaka kumi na miwili baada ya ile barua ya pili. Nakukumbuka. Ulivaa shati safi, ukamsalimia mlinzi, ukatutania sote, mchana ukala chakula chako ukamaliza. Uliwezaje? Siulizi kwa kukulaumu, haki hiyo sina tena. Nauliza kwa sababu kesho kutwa ni Jumatatu, na natakiwa niwe kazini saa mbili.

Mpwa wako